Pua ya Kuazima

Mstari wa kwanza sikuupa kitu:
mvua ya Mungu, samadi ya mbuzi, basi.
Wa pili niliunyunyizia zinki,
kifuniko kimoja cha soda kwa bomba zima la mgongoni,
na tone la sabuni ya vyombo,
maana jani la mrehani halishiki maji,
huyakung'uta kama bata atokaye dimbwini.
Bwana shamba alisema: kabla ya saa moja asubuhi,
majani yangali yamefumbua vinywa.
Nikacheka. Nyumba yetu hapa Ole haijakosa mrehani
tangu enzi za bibi yangu, na hakuna aliyetwambia
kuwa jani lina vinywa, tena vya upande wa chini,
kama mtu alaye kwa siri.

Mstari wa tatu ni wa Faki, shemeji yangu.
Kifuniko anakiona ubahili.
Alimimina kwa jicho, akapiga saa sita, jua la utosi,
na siku ya nne ncha za majani zilikuwa
kama ulimi uliowahi chai.
Ila yaliyopona yalinenepa, mapana,
akawa anaita wapita njia waje waone.

Mimi nione nini?
Tangu homa ile ya mwaka juzi
pua yangu ni duka lililofilisika:
mlango upo, komeo lipo, ndani hamna kitu.
Harusi ya Hidaya nilisuka kikuba kwa macho,
asumini, mkadi, mrehani,
kama aandikaye barua kwa lugha asiyoijua.
Watu wakasema: Bi Mize, mkono wako ni ule ule!
Nikashukuru. Nikaenda chooni nikalia.

Kikundi hakijui.
Wanawake kumi na wanne, pipa moja,
mrija wa shaba unaopita kwenye beseni la maji baridi,
na mimi mwisho wa mrija, fundi wa harufu,
nafumba macho, navuta pumzi, natikisa kichwa.
Aliyenishika mkono ni Mkasi, mjukuu wangu, miaka tisa.
Anusaye ni yeye. Akinibana kidole mara moja, yamefaa.
Mara mbili, yameungua.
Kwa kazi hiyo namlipa visheti.

Siku ya mnunuzi, Mkasi kaamka na mafua.

Chupa tatu mezani.
Ya Faki haba, aibu kuitazama:
magunia mawili ya majani,
mafuta hayajafika nusu ya kikombe cha kahawa.
Jani lilikunywa, likanenepa, likasahau kutoa jasho.

Mnunuzi, kijana wa Chake, shati limenyooka kwa pasi,
akanisogezea: Nusa wewe kwanza, mama,
wamenambia hapa pua ni yako.

Mkono wa Mkasi umelowa, umetulia.
Sijui nilipata wapi wazo.
Nilichovya njiti ya kiberiti, nikaigusisha ulimini.
Chupa ya kwanza: uchungu, ukapita.
Ya Faki: uchungu, ukakaa kama mdeni asiye haya.
Ya pili, ile ya kifuniko kimoja,
ulimi ukafa ganzi polepole, ganzi ikashuka fizini
hadi kwenye gego nililotiwa karafuu na mama
usiku wa mvua, kwa taa ya chemli,
nilipokuwa na umri wa Mkasi.
Karafuu, ndani ya mrehani.
Sikuisikia. Niliikumbuka kwa meno.

Hii, nikasema.
Inanukaje? Kalamu tayari mkononi.
Wanawake kimya. Faki kakunja uso.
Mkasi akanibana kidole mara moja, kwa mazoea tu,
huku anapenga kamasi kwenye pindo la kanga yangu.

Andika, nikamwambia: inanuka ganzi.
Akaandika.